Safari ya Ziwani Hupangwa Tabora

Ndugu msikilizaji, juma hili sizungumzii bei ya tumbaku wala mashimo ya barabara. Nataka nikusimulie jinsi watu watatu wa Tabora tulivyopanga kwenda kuvua samaki mwaka 2024, tukakwama, na katika kukwama huko nikajikuta nimerudi kwenye historia ambayo nilidhani naijua.

Jambo lenyewe lilianzia kwa shemeji yangu. Alipata, sijui wapi, jarida la Kizungu la watu wanaovua kwa starehe. Jaladani palikuwa na picha ya ziwa la milimani, maji meusi kwa kina, theluji kileleni, na bwana mmoja mwenye kofia amemwinua trauti mnene kama mguu wa mtoto. Trauti ni samaki wa maji baridi. Huku kwetu Afrika Mashariki hakuwapo. Aliletwa na walowezi, na mwaka 1905 mayai yake yalitiwa katika mito ya milima ya Aberdare kule Kenya, ili Mwingereza aliye mbali na nyumbani apate kushika mshipi kama babu yake alivyoushika. Shemeji alisoma humo kwamba jua likikaza, trauti wakubwa hushuka chini kwenye baridi, na mvuvi hodari huwafuata huko huko. Akafunga jarida akaniambia: "Shemeji, sisi tuna ziwa lenye kina kuliko hilo, na reli inatufikisha mlangoni. Tunangoja nini?"

Ziwa alilolisema ni Tanganyika. Kina chake kinafika kama mita 1,470, na katika maziwa ya dunia nzima linashindwa na Baikal la Urusi peke yake. Urefu wake ni kilomita 670 na ushei. Shemeji alipiga hesabu zake: kama ziwa dogo la Ulaya lina samaki mkubwa kiasi kile huko chini, hili letu litakuwa na nini? Akanunua mshipi wa nailoni wa mita 300, akanunua chubwi za risasi nzito za kuuzamisha, akachagua tarehe. Tungeondoka Tabora katikati ya juma, tukavue Kigoma usiku wa Ijumaa tarehe 24 Mei. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta mtu wa tatu anayewajua wenyeji wa Kigoma.

Nikamwendea mzee mmoja mstaafu wa reli, jirani yangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kati ya Tabora na Kigoma. Tulimkuta chini ya mwembe wake. Baada ya mwangaluka na habari za wajukuu, shemeji akamwonyesha mshipi. Mzee akaupima mkononi, akaugeuza, akaurudisha taratibu.

"Mmeuliza, wanangu?"

"Kuuliza nini, mzee?"

"Mtu akienda ziwani huuliza kwanza. Hapa Tabora ndipo pa kuulizia."

Nilicheka siku ile. Baadaye nikaona kwamba mzee yule, ambaye sidhani kama alipata kusoma kitabu cha wasafiri, alikuwa amesema jambo ambalo limo katika vitabu hivyo vyote.

Turudi nyuma kidogo, ndugu msikilizaji. Mwaka 1856 wakubwa wa jiografia kule London walikuwa wakibishana juu ya ramani moja. Ilikuwa imechorwa na wamisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, kwa kukusanya maneno ya wafanyabiashara wa pwani. Katikati ya bara walichora ziwa moja kubwa mno, refu, lililonenepa upande mmoja kama konokono asiye na gamba. Wakaliita Bahari ya Uniamwesi, yaani ya Wanyamwezi. Ukiishi Tabora, mahali ambapo mwezi Septemba watu hutafuta maji kwa ndoo, inachekesha kujua kwamba kuna waliowahi kutuzamisha baharini. Lakini ramani ile haikuwa upuuzi. Wachoraji walisikia habari za maji matatu tofauti kwa watu tofauti, wakadhani wote wanazungumzia maji mamoja.

Mwaka 1857 wakatumwa Richard Burton na John Hanning Speke kuja kulitafuta ziwa hilo. Walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora, mwezi Novemba. Hapo wakapokewa na Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa siku nyingi wa njia hii. Burton alikijua Kiarabu vizuri. Akaketi na mwenyeji wake wakazungumza, na katika mazungumzo hayo lile konokono la London likakatwa vipande. Snay akawaeleza kwamba bahari ya Ujiji ni yake peke yake, na ile ya kaskazini, ya Ukerewe, ni nyingine, na Nyasa ni nyingine tena. Hakuwa na vyombo vya kupimia. Alikuwa na miaka ya kutembea, na watu waliokwenda na kurudi.

Naomba tulitazame hilo vizuri. Vitabu vya shule tulivyosoma sisi vilisema Burton na Speke "waligundua" Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Walipofika Ujiji, Burton alikuwa hawezi kutembea sawasawa kwa homa, na Speke macho yalikuwa yamemvimba hata ziwa lenyewe hakuliona ila ukungu. Aliyewatangulia njiani alikuwa na jina: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar mtu huru. Yeye na Speke walielewana kwa Kihindi. Ziwa liligunduliwa barazani Tabora, kwa kikombe cha kahawa. Huko Ujiji walikwenda kuhakikisha tu.

Na haikuwa ramani peke yake iliyohitaji kuulizwa. Burton alipofika Kaze wapagazi wake wa Kinyamwezi walitua mizigo wakaenda makwao. Mvua zilikuwa zinaanza. Mnyamwezi wa wakati ule alichukua mzigo wa kilo 30 na zaidi mabegani mpaka pwani, lakini aliuchukua wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ni mkulima, na hakuna kitambaa cha kumtoa shambani kwake. Mgeni aliyepanga safari bila kuijua kalenda hiyo alikaa akila akiba yake huku akilaumu uvivu wa watu waliokuwa wamejiinamia wakilima.

Halafu shanga. Msafiri aliondoka pwani na merikani, kaniki, masango ya waya, na shanga za rangi nyingi. Kila nchi ilikuwa na shanga yake inayopendwa, na ukibeba isiyopendwa ulilala njaa juu ya mzigo wa mali. Ujiji kulikuwa na shanga iliyoitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko. Cameron, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1874, ameeleza kwamba asubuhi soko likifunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi wakibadilishia wanunuzi shanga zao nyingine, na jioni soko likifungwa watu hao hao wakazinunua tena sofi kwa wauzaji, wakipata faida huku na huku. Kwa hiyo wale vijana wa stendi wanaobadilisha fedha, msidhani wameianza wao biashara hiyo.

Katika soko hilo samaki walikuwapo. Dagaa, migebuka, kuhe, sangala: Ujiji ilikula ziwa. Na nisingependa uondoke na picha nzuri tu ya shanga na samaki. Njia hiyo hiyo, kutoka ziwani kuja Tabora kwenda Bagamoyo, ilipitisha watu katika minyororo, na pembe za ndovu juu ya vichwa vyao. Miembe ya Tabora tunayojivunia kivuli chake iliona hayo yote.

Sasa nirudi chini ya mwembe wa mzee wangu. Alimwuliza shemeji: "Tarehe 24 mwezi utakuwaje?" Shemeji hakuelewa. Mzee akaomba kalenda, ile ya ukutani yenye alama za mwezi. Mwezi mpevu: tarehe 23 Mei.

Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyezoea dagaa wa gengeni huenda naye asielewe, basi nieleze. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani walichoma kuni au mabua juu ya mtumbwi, dagaa wakafuata mwanga, wakachotwa kwa wavu wa mpini. Baadaye ikaja karabai, na sasa taa za betri. Lakini vyovyote iwavyo, taa huvuta samaki usiku uwe wa giza. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako ni nani? Dagaa wanatawanyika, na wavuvi hukaa pwani kushona nyavu. Shemeji yangu, kwa umakini wote, alikuwa amechagua usiku mbaya kuliko wote wa mwezi ule.

"Basi tusogeze mbele," akasema, "twende tarehe 6 Juni, giza tupu."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, husikilizi redio? Ziwa linafungwa."

Naam. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mimi ninayelipwa kwa kuzungumza redioni nilikuwa nimeisikia habari hiyo na kuisahau. Tuliondoka pale kimya.

Miezi mitatu. Namba hiyo ilinisumbua mpaka nikakumbuka ni wapi nimeiona. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika hapa tarehe 23 Juni 1871 akiwa na haraka ya kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Alitoka tarehe 20 Septemba. Miezi mitatu kasoro siku tatu alikaa Kwihara, katika nyumba ambayo mpaka leo wageni hupelekwa kuitazama, kwa sababu njia ya ziwani ilikuwa imefungwa. Aliyeifunga alikuwa Mirambo.

Vitabu vya wakati ule vilimwita Mirambo mnyang'anyi. Lakini tumtazame kutoka Urambo, si kutoka Kwihara. Mali ilipita mlangoni kwake kila mwaka, bunduki na baruti zikienda, pembe zikirudi, na watu wa Unyanyembe na Waarabu wakiona kwamba ushuru ni haki yao wao kuupanga. Akasema hapiti mtu. Waarabu wakamwendea kwa vita mwezi Agosti, Stanley akafuatana nao akiamini ni kazi ya siku chache. Wakavamiwa njiani wakatawanyika. Mirambo akaja mwenyewe hadi Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa. Stanley akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, akavuka Malagarasi, akafika Uha ambako hongo ilimkaba mpaka akatoroka usiku na msafara wake kimyakimya. Ndipo Novemba akafika Ujiji. Mwaka 1876 alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana udugu, na maneno yake juu yake yakabadilika sana.

Nilimsimulia shemeji haya nikidhani nitamfariji. Akanijibu kwamba Stanley alizunguka, samaki hazungukwi.

Kweli hiyo niliiona sokoni. Mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye nimenunua kwake miaka mingi, meza yake ilianza kupungua kufikia Juni. Kwanza dagaa wa Kigoma walipanda bei, kisha wakawa wa Mwanza peke yao. Mteja wa Tabora hadanganywi katika hili, ladha anaijua. Nikamwambia lile tangazo lina nia njema, samaki watazaliana. Akasema: "Najua, baba. Wamefunga ziwa, lakini ada ya shule hawajaifunga." Sikuwa na la kumjibu, nikanunua mafungu mawili badala ya moja, jambo ambalo haliwezi kuitwa sera.

Msimamo wangu ni huu, na wapo watakaonipinga kwa barua kama kawaida. Ziwa kupumzishwa ni sawa. Nyavu zimekuwa nyingi na macho yake madogo. Lakini mtu asidhani kwamba mlango wa ziwa hili una komeo moja tu, na hapa ndipo ninaporudi kwenye kina alichokipenda shemeji.

Katika maziwa ya baridi ya yule bwana wa kofia, maji hujigeuza: majira ya baridi ya juu hushuka, ya chini hupanda, na hewa ikafika mpaka chini. Tanganyika si hivyo. Juu maji ni ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 24 na 28 hivi, na chini kabisa ni kama 23. Tofauti ni ndogo, ila inatosha kuyafanya ya juu yaelee juu ya yale ya chini daima. Hewa ambayo samaki anaivuta inaishia mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini. Chini ya hapo, zaidi ya mita elfu moja za maji, samaki haishi. Ziwa la pili kwa kina duniani, na uhai wake umekaa juu kama malai juu ya maziwa.

Lakini huko chini ndiko rutuba ilikozama. Inayoipandisha ni kusi. Upepo huo, kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini ya chini yakapanda na rutuba yake. Hapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, vijidudu hula mimea, dagaa hula vijidudu, mgebuka humla dagaa, na sisi tunawala wote. Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi zaidi na magumu kuchanganyika, na kusi inasukuma bila kupandisha kitu. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walikadiria kwamba mimea hiyo ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 20. Wengine mwaka 2016, kwa kuchunguza mabaki yaliyomo katika tope la chini, walionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla hata ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Joto hilo halikutoka kwenye karabai za Ujiji. Yule mama wa dagaa amefungiwa meza miezi mitatu ili kuponya ugonjwa ambao nusu yake umetoka kwenye viwanda asivyovijua hata kwa picha. Kama anaombwa avumilie, na aelezwe yote.

Basi. Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Shemeji akataka tuwe wa kwanza, ila safari hii aliitazama kalenda mwenyewe: mwezi mpevu tarehe 19. Hakusema neno, akahesabu siku kwa kidole, akasimama kwenye tarehe 3 Septemba. Mzee akakubali kwa kichwa.

Reli inafuata kiasi njia ya zamani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tulipita Urambo usiku, nchi ya mtu aliyemlaza Stanley Kwihara, na wenzangu wote wawili wamesinzia. Asubuhi tukapita Uvinza penye chumvi, ambako misafara ilinunua chumvi, na ambako mwaka 1858 Burton alimlipa Mzogera ili avuke Malagarasi. Mimi nililipia chai na chapati tu.

Usiku wa tarehe 3 tulikuwa ziwani, na vijana wanne wenyeji wa mzee. Giza lilikuwa la kuparamia. Taa zilipowashwa, nikaona nyingine mbali, na nyingine, mpaka ziwa likawa kama mji. Tukangoja. Katika kungoja huko shemeji akatoa mshipi wake, akatia chambo, akaning'iniza chubwi, akaanza kuushusha. Vijana wakamtazama kwa adabu. Mita 100. Mita 200. Mshipi wote ukaisha mkononi na haukugusa chini, maana pale ziwa lilikuwa halijaanza hata kuhesabu.

Kijana aliyeshika taa akamwuliza kwa upole kabisa: "Kaka, unamtafuta nani huko?"

Dagaa wakaja karibu na saa nane, maji yakachemka kwa fedha, wavu ukapanda, na hakuna aliyekumbuka jambo jingine mpaka alfajiri. Shemeji aliuvuta mshipi wake kulipokucha. Chambo kilirudi kama kilivyokwenda. Tulileta Tabora kilo sita za dagaa waliokaushwa, na nusu nikampelekea yule mama sokoni. Aliwanusa, akasema hao ndio. Mshipi uko kwa dada yangu uani, anaanikia nguo, na anausifu sana kwamba haukatiki.